Siku Nilipokata Masale ya Mpakani

Mwalimu amezikwa Alhamisi iliyopita, nami sikwenda. Nafasi nilikuwa nayo, usafiri ulikuwepo, na kutoka Majengo ninakoishi hadi Uru si mwendo wa kumchosha mtu. Nilibaki nyumbani kwa makusudi. Nilichemsha chai, nikaitia tangawizi, nikakaa kuinywa taratibu saa ileile waliyokuwa wakimteremsha kaburini. Katikati ya kikombe binamu yangu akanitumia kwenye simu picha ya wasifu wa marehemu, ile karatasi wanayogawa msibani. Chini ya hesabu ya watoto na wajukuu waliandika kwamba marehemu ndiye muasisi wa mpira wa magongo wa wanawake katika sehemu zetu. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, chai ikapoa.

Jina lake silitaji humu. Alilitaja mwenyewe vya kutosha alipokuwa hai. Nitataja la mwenye haki nalo: Filomena, dada mdogo wa baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Shangazi Filo. Baba na mama walikuwa wakifanya kazi Tanga, mimi nikaachwa kwa Bibi huko Uru, na Shangazi Filo, ambaye alikuwa bado hajaolewa, ndiye aliyeniogesha, aliyenisuka, na aliyenifundisha kusoma saa.

Wa rika langu mliokulia vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya mlimani, mtazikumbuka kalenda za wamisionari zilizobaki ukutani miaka mingi baada ya mwaka wake kwisha. Ya kwetu ililetwa na sista mmoja kutoka nchi za baridi, na hakuna aliyethubutu kuitoa kwa sababu ya picha moja. Ilikuwa picha ya wanawake waliovaa kofia ngumu na viatu vyenye vyuma vikali chini, kila mmoja ameshika gongo, wamesimama juu ya barafu tupu. Bibi alikuwa na maelezo yake. Kwake barafu ilikuwa moja tu duniani, ile tunayoiona asubuhi mawingu yakifunguka. "Hao wako Kibo," aliniambia. "Ndiyo maana wamevaa hivyo, kule juu kuna baridi." Nami nikaamini kabisa. Mawingu yalipoufunika mlima mchana nilijua mchezo umeanza na hawataki tuwaone.

Shangazi Filo aliiona picha hiyohiyo akiwa binti mdogo, kabla mimi sijazaliwa. Barafu hakuijali. Alichokiona yeye ni kwamba duniani kuna wanawake wanaocheza magongo, na hilo lilimtosha. Wakati huo Babu alikuwa anang'oa mikahawa iliyozeeka, na shina la mkahawa mahali linapoingia ardhini mara nyingi hupinda vizuri. Shangazi alichagua yaliyopinda, akayachonga kwa panga, akayalainisha kwa kipande cha chupa, kisha akayapaka mafuta ya ng'ombe usiku baada ya usiku mpaka yakawa mazito na yakang'aa. Chumba tulicholala kilinuka mafuta yaliyochacha kwa utoto wangu wote. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo jikoni kwa mtu ninasimama kidogo mlangoni.

Akakusanya wasichana kumi na wanne, wengine wa kwaya, wengine wa kuchuma kahawa. Walicheza Jumapili baada ya misa ya pili kwenye malisho chini ya kanisa, khanga zimefungwa juu ya kaptula ili wazee wasipate cha kusema. Wazee walisema hata hivyo. Walikuja wakasimama pembeni na vibuyu vyao vya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakacheka kwamba mabinti wanapigana fimbo. Halafu Shangazi Filo alipokea mpira upande wa kushoto, akawapita watatu huku ameinama, akaupiga. Ulitoa mlio mkavu wa mti kupasuka, na mpira ulikuwa tayari uko kwenye migomba nyuma ya goli kabla mlinda mlango hajanyanyua mguu. Vicheko vilipungua. Wiki iliyofuata walikuja wazee wengi zaidi, na safari hii walikuja mapema.

Mwalimu alifundisha darasa la tano shuleni kwetu na alikuwa jirani yetu wa karibu. Kihamba chake na chetu vilitenganishwa na mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani, kutoka barabarani hadi kwenye mfereji wa maji. Chuoni aliwahi kucheza magongo kidogo, na alikuwa na filimbi. Chama cha mchezo mjini kiliposikia habari za wasichana wa Uru, kikasema kinataka mtu wa kuaminika wa kutia saini makaratasi, maana yake mwanamume mwenye kazi. Shangazi Filo alikwenda mwenyewe kumwomba, na mkungu wa ndizi kichwani. Haukupita mwaka Mwalimu akawa anasema "timu yangu".

Wakashinda Moshi, wakashinda Arusha, na ikaja barua ya mwaliko kutoka Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa mlimani kuvuka mpaka na magongo. Shangazi alikuwa nahodha. Alishona bukta mpya, akaniahidi biskuti za Kenya, na hapo katikati akaugua malaria.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe karibu na mpaka, Mwalimu akasimama upande wake wa masale.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Shangazi yako mbona haonekani mazoezini?"

"Amelala. Anatapika."

"Anatapika asubuhi?"

"Asubuhi. Na jana asubuhi."

"Na chakula je?"

"Hataki. Anataka ndimu tu."

"Pole yake," akasema, akanikatia kipande cha muwa. Nikaondoka nimejaa furaha. Mtu mzima, tena mwalimu, alikuwa ameniuliza maswali matatu na yote nilikuwa na majibu.

Siku chache baadaye alishuka mjini, akawaambia watu wa chama kwamba nahodha ana mimba na hafai kusafiri. Nafasi yake akaiweka kwa Veronika, mdogo wake mwenyewe, msichana mpole ambaye gongo alilishika kama mwiko. Hati ya kusafiria ikatoka kwa jina la Veronika. Nyumbani kwetu hatukujua lolote. Mimi nililisikia shuleni, kwa watoto, na nililiamini, kwa kuwa lilisemwa na mwalimu. Jioni hiyo tukiwa tunakula nikamwuliza Shangazi kwa moyo mweupe mtoto akizaliwa atalala upande gani wa kitanda.

Aliiweka sahani chini. Bibi akauliza mtoto gani. Nikawaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonyamaza, nami nikadhani wamenyamaza kwa sababu ilikuwa siri nzuri.

Bibi alimsihi aende zahanati akapimwe, alete karatasi. Shangazi alikataa siku mbili. Alisema yeye si ng'ombe wa mnada wa kutazamwa meno. Siku ya tatu akaenda, karatasi ikaandikwa kwamba hana mimba, akashuka nayo mjini kwa miguu. Watu wa chama wakamwambia basi limeondoka alfajiri. Alirudi jua linazama, akavua viatu mlangoni, akaingia chumbani akalala na gauni lake.

Timu ilifungwa mechi zote Nairobi. Nilifurahi sana niliposikia, na sikuona haya. Lakini miezi ilipita, tumbo la Shangazi likabaki kama lilivyokuwa, na maneno hayakuisha, yalibadilika tu. Sasa walisema ameitoa mimba. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja kumwambia Bibi kwa upole kwamba labda Filomena apumzike kuongoza kwaya kwa muda. Mchumba aliyekuwa akija na baiskeli kutoka Machame hakuja tena. Shangazi alikuwa akiimba akikamua ng'ombe, na hilo nalo aliliacha.

Nikaanza kisasi changu cha mtoto. Mwalimu hakuipata tena shikamoo yangu. Nilipomwona anakuja nilijipenyeza kwenye migomba, na tulipokutana uso kwa uso nilikohoa mpaka apite. Mfereji ulianzia kwetu ukaenda kwake, basi kila asubuhi nilitema mate kwenye maji na kuyasindikiza kwa macho mpaka yapite mpakani. Nilimwombea jipu. Nilimwombea jipu mahali pa kukalia, na kila Jumapili kanisani nilimtazama kama anakaa vizuri.

Mwishowe wazee wa ukoo wake wenyewe waliona aibu. Mzee Aloisi, baba yake mdogo, alimwambia lazima amletee Filomena isale, jani moja la masale. Mwalimu akakubali, ikapangwa Jumapili baada ya misa. Nilimwuliza Bibi jani hilo ni la nini. Alikuwa anapepeta mbegu za maharage, hakuacha.

"Mtu akikukosea, anakata isale, analifunga fundo, anakuletea. Akikuletea umemsamehe."

"Na nisipotaka?"

"Humkatalii. Ukilikataa isale, kosa linamtoka yeye linakuja kukaa kwako."

"Hata kama amekosa sana, Bibi?"

"Hata kama ameua."

Sikulala vizuri. Niliona jinsi itakavyokuwa: yule mtu ataingia uani kwetu na jani moja mkononi, dakika tano, na Shangazi atalazimika kumpa mkono, nami nitalazimika kumwamkia. Jani moja, kwa Nairobi, kwa kwaya, kwa mchumba. Hasira niliyokuwa nayo ilinipa homa. Nikafikiri, na akili yangu ya miaka tisa ikapata jibu. Masale ya Mwalimu niliyoyajua ni yale ya mpakani tu. Nilidhani isale la kuombea msamaha lazima mtu alitoe kwenye mpaka wake, kama anavyofungua mlango wake kwa ufunguo wake. Yasipokuwepo, atakuja na nini?

Jumamosi mchana Bibi na Shangazi walikuwa sokoni. Nilichukua mundu, nikaanzia barabarani. Mashina ya masale ni laini kuliko yanavyoonekana, yanakatika kwa sauti ya mtu anayetafuna tango, na yanatoa maji yanayoteleza mkononi. Nilikata yote. Mengine yalikuwa yananipita urefu mara mbili, yalipandwa na watu ambao Bibi mwenyewe hakuwakuta. Nilipofika mfereji niliyasukumia yote majini ili lisibaki hata moja, kisha nikanawa mikono. Nilihisi nimeshinda mechi.

Sikufikiria kwamba mfereji unapita kwa watu. Masale yaliteremka yakielea kihamba baada ya kihamba, na kila aliyeyaona aliacha alichokuwa akifanya. Hakuna mtu anayekata masale ya mpaka. Anayekata mpaka anataka ardhi ya mwenzake, na hapo mpakani ndipo wazee wa zamani walipozikwa. Watu wakaanza kupanda na mfereji kuyafuata yanakotoka. Bibi na Shangazi walipofika kutoka sokoni walimkuta Mzee Aloisi amesimama uani kwetu na isale lililolowa mkononi, na nyuma yake watu kama ishirini.

"Mama Anastazia," alimwambia Bibi, "haya yametoka kwenu?"

Bibi aliitazama mikono yangu. Nilikuwa nimenawa, lakini kucha zilikuwa bado za kijani. Aliketi chini hapohapo kwenye mzigo wake wa chumvi na sabuni, hakunipiga. Mwalimu alikuwa amefika upande wa pili, pale palipokuwa mpaka, na sasa ungeweza kumwona mwili wote, kuanzia kofia hadi viatu. Nakumbuka sauti yake ilivyokuwa tulivu.

"Tuanze na la mpaka," akasema. "Hayo mengine yatafuata."

Basi Jumapili ile iliyokuwa ya Mwalimu kuleta isale, ikawa ya sisi kupeleka. Na masale hatukuwa nayo. Bibi ilimbidi akaombe moja kwa jirani wa juu. Shangazi Filo alilifunga fundo, akalishika kwa mkono wa kulia, na kibuyu cha mbege mkono wa kushoto, akavuka. Mimi niliachwa nichunge ng'ombe. Nilijificha kwenye migomba nikaona kwa mbali: Mwalimu ameketi kwenye kiti na wazee pembeni, Shangazi amesimama mbele yake. Waliongea muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha Mwalimu akalipokea isale, akanywa, watu wakapeana mikono. Shangazi aliporudi alisema neno moja tu, "Yamekwisha", akaenda kukamua.

Na Mwalimu hakuja. Si Jumapili iliyofuata, si Pasaka, si miaka yote aliyobakiza. Wazee wakasema yamemalizwa pande zote mbili. Yale "mengine" hayakufuata kamwe. Shangazi Filo alianza upya na wasichana wadogo, akacheza mpaka goti lilipokataa, akafundisha wengine ambao baadaye walivaa jezi ya taifa, lakini mwenyewe mpaka hakuuvuka na gongo lake. Kila nilipokwenda Uru nikamwona yule mzee ameketi barazani kwake na fimbo, nilihesabu makosa mawili: lake, na langu la kumnyang'anya Shangazi msamaha uliokuwa haki yake. La kwake nililichukia wazi. La kwangu nililificha pamoja na lile la ndimu na kutapika.

Jumapili hii nilikwenda kumwona Shangazi. Yeye msibani alikwenda, nilikuwa nimeshaambiwa, na iliniuma. Nilimkuta nyuma ya jiko anamenya ndizi za mtori, goti amelinyoosha juu ya kigoda. Nilimwamkia, nikachukua kisu kingine, nikakaa.

"Hukuja kuzika," alisema.

"Sikuja."

"Watu waliuliza."

"Waulize tu, Shangazi." Nikamenya ndizi mbili. Kisha nikasema, kwa sababu mtu aliyekuwa akinitisha hayupo tena. "Ni mimi niliyemwambia Mwalimu kuwa unatapika. Pale mpakani. Aliniuliza, nikamjibu kila kitu."

Kisu chake hakikusimama. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya isale. Nimesimama mbele yake na kibuyu, akasema, 'Filomena, mimi sikutunga. Aliniambia mtoto wa kaka yako. Mwiteni aje aseme mbele ya wazee.' Mzee Aloisi akanitazama. Nikamwambia mtoto asiitwe, tumalize hapohapo, pande zote."

Nikaelewa kwa nini walikuwa wameongea muda mrefu. "Kwa hiyo ndiyo maana hakuleta la kwake."

"Ndiyo maana. Ulikuwa na miaka tisa. Ungekuja pale, ungesema kweli, na mpaka leo ungekuwa yule mtoto aliyemwuza shangazi yake."

Nililia, nasema wazi, mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa. Nikamwambia yote, kwamba niliyakata masale ili asilazimike kusamehe, na kumbe nilichofanya ni kumkosesha kuombwa radhi. Aliniacha nimalize, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea kusoma saa.

"Umenikosesha nini? Hebu fikiri. Isale nilipeleka mimi, aliyelazimika kusamehe ni yeye. Mimi hakuniletea hata jani. Angeleta Jumapili ile ningepokea, mama amesimama pale, ningefanyaje? Ningekaa naye jirani miaka yote hii na nimemsamehe?"

"Kwa hiyo hujamsamehe."

"Nani amekuambia nimemsamehe?"

"Sasa kwa nini ulikwenda kumzika?"

Alitia ndizi ya mwisho kwenye sufuria, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Wanawake walikuwa wanatupia udongo kwa mkono, kidogo kidogo, na maua. Mimi nikamnyang'anya kijana mmoja koleo. Wakadhani nimezidiwa na uchungu, wakaniacha." Alinyoosha goti lake taratibu. "Nilitia mpaka sanduku halionekani, ndipo nikamrudishia koleo lake."